Siku nne Chicago: maghorofa nimeyaona, ila simba wa Tsavo ndio wamenikaa kichwani. Kwa nini walikula watu?

#1 Ngosha wa Igoma
Wakuu kwema? Niko Chicago. Nilikuja semina ya kazini siku mbili nikajiongezea nne za kwangu, maana visa nimeihangaikia miezi, siwezi kuja Marekani halafu nikarudi na picha za ukumbi wa mikutano na chupa za maji.

Nimezunguka kwelikweli. Lile Harage la kujiangalia, sanamu la chuma linalong'aa kama kioo pale Millennium Park, nimelipiga selfi mpaka chaji ikaisha. Boti ya mtoni nimepanda. Willis Tower nimepanda, jengo refu kuliko yote duniani, ghorofa ya 103 kuna vibaraza vya kioo vimetokeza nje ya ukuta, unasimama unaona teksi zinapita chini ya soli ya kiatu. Miguu iligoma. Katoto ka miaka kama sita kakanipita, kakalala kifudifudi juu ya kioo kanacheka, mimi nimeshika ukuta kama mjusi.

Sasa jana nikaingia Field Museum. Ukumbini pale mbele kuna dinosaria yule maarufu Sue, nikapiga picha, nikasogea upande wa wanyama wa Afrika. Nikakutana nao. Simba wawili wa Tsavo, Kenya, wale waliokula wajenzi wa reli ya Mwingereza 1898, mmoja kasimama mwingine kajilaza. Nimesimama pale kama dakika ishirini. Kwanza WADOGO. Pili ni madume lakini shingoni hamna kitu, utadhani majike. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza unatoka wapi nikamwambia Tanzania, akasema oo basi hawa ni majirani zako. Nikakosa la kujibu.

Hawa ndio waliomsimamishia Mwingereza ujenzi wa reli? Na kwa nini hasa walikula watu? Mlinzi kaniambia ni jino bovu, ila alisema kama mtu aliyechoka kuulizwa. Wajuzi karibuni.

#2 Fundi Bomba
Siti ya mbele nimekaa. Tia picha mkuu.

#3 Dereva773
Karibu mjini Ngosha. Mimi huu mwaka wa kumi na moja niko huku naendesha, basi nikurekebishe mawili usije ukarudi Mwanza ukapotosha watu.

Yule dinosaria wa ukumbini SIO Sue. Anaitwa Máximo, mla majani, wamemweka 2018, shingo inafika karibu na roshani ya juu. Sue ndio T. rex, wamemhamishia chumba chake ghorofani. Walimnunua mnadani 1997 kwa dola milioni 8.36.

La pili Willis Tower ilikuwa ndefu kuliko yote duniani toka miaka ya 70 mpaka 1998 Wamalaysia walipowapita na Petronas. Mita 442 bado sio mchezo, ila tumeshapitwa na wengi. Halafu usiseme Willis mbele ya mzee wa hapa, kwao ni Sears Tower mpaka kiama, jina lilibadilishwa 2009 na wengine hawajasamehe.

#4 Mama Kobe
Milioni 8 dola kwa mifupa?? Na hao simba walinunuliwa shi ngapi?

#5 BintiMvita
@Mama Kobe dola elfu tano. Kwa wote wawili.

Ngosha umeniuliza swali langu, mimi mtoto wa Mombasa na hii habari nimeifuatilia tangu shule ya msingi. Injinia aliyewaua anaitwa John Henry Patterson, alikuja Machi 1898 kujenga daraja la mto Tsavo. Wa kwanza alimpiga tarehe 9 Desemba, wa pili siku ishirini baadaye. Halafu akawafanya ZULIA. Ndiyo, zulia la kukanyagia, sebuleni kwake miaka kama 25, ndipo 1924 akawauzia hao Field Museum. Ngozi zimefika zimechakaa, kingo zimekatwa, fundi wa kujaza akajaza kulingana na ngozi iliyobaki. Ndio maana umewaona wadogo. Yule wa kwanza alipouawa alipimwa toka pua mpaka ncha ya mkia karibu mita tatu, na ilibidi wanaume wanane kumbeba.

Kwa hiyo ulichokiona ni zulia lililosimamishwa, shekhe.

#6 Ngosha wa Igoma
Zulia. Yaani mnyama kafunga reli nzima halafu mtu anakuja anapangusia viatu. Dah.

@Dereva773 nashukuru kwa marekebisho, picha ya "Sue" nilishawatumia ofisini wote na maelezo marefu.

#7 Kijakazi wa Data
Nimecheka kama mazuri hapo #6. Ofisini watakuja kusoma huu uzi.

#8 Dokta Mifugo
Niingie kitaalamu kidogo. Jino ni kweli ila ni la mmoja. Huyo wa kwanza alikuwa na chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi. Simba anakamata nyati kwa kumbana pua au koo, sasa ukiwa na jipu mdomoni nyati akitikisa kichwa mara moja unaona nyota. Binadamu ni laini, hana pembe, na usiku haoni. Mwenzake meno yake hayakuwa na tatizo la maana, kwa hiyo jino haliwezi kueleza wote wawili, labda useme alifuata mkumbo.

Mimi naongeza SOTOKA. Miaka ya 1890 sotoka ilishuka toka kaskazini ikafagia ng'ombe na nyati Afrika Mashariki yote. Chakula cha simba kikaisha halafu ghafla unaleta maelfu ya watu unawalaza kwenye mahema ya turubai. Hapo unategemea nini?

#9 Mwana wa Voi
Dokta umeongea vizuri lakini mbona nyati walikufa kila mahali, simba hawakula watu kila mahali. Kwa nini Tsavo? Sisi wa kule tunajua ile njia ilikuwa ya misafara zamani, pwani kwenda bara, pembe na watumwa. Aliyeshindwa kutembea aliachwa pale pale kivukoni. Simba wa pale walishazoea nyama ya mtu kabla Mwingereza hajaleta hata msumari mmoja. Reli imewakuta na mazoea yao. Halafu na reli yenyewe, kuli akifa kwa homa hakuzikwa vizuri, wengine walitupwa tu porini.

Na mambo ya kukosa manyoya ya shingo, njooni Tsavo hata leo muone. Kuna joto na miiba, madume mengi hayana kitu. Sio ugonjwa, ndivyo walivyo.

#10 Kijakazi wa Data
Swali la mtu wa namba: walikula wangapi? Mwalimu wetu alituambia 135.

#11 BintiMvita
135 ni ya Patterson mwenyewe uzeeni. Hesabu ya reli ilikuwa wahindi 28, na Waafrika hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu. Mwaka 2009 wanasayansi wakapima mifupa na manyoya ya hao simba, kemikali za mwilini zinaonyesha mnyama alikula nini, wakakadiria kama 35, mmoja kala karibu 24 na mwenzake 11. Kwa hiyo ukiona mtu anasema 135 jua anamnukuu mwenye bunduki.

#12 Ngosha wa Igoma
Ila pale makumbusho nimesoma jina Patterson kwenye maelezo ya utafiti wa miaka ya juzi. Aliishi miaka mingapi huyu mzee??

#13 BintiMvita
Hahaha huyo mwingine! Bruce Patterson, mtafiti wa wanyama hapo hapo Field Museum. Hawana undugu kabisa, ni majina tu. Kila mtu anaingia huo mkenge.

#14 Fundi Bomba
Mmoja kaua mwingine kapima. Kazi za ukoo bila ukoo.

#15 Mpiga Dungu
Wakuu mimi natoka Lindi, nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mnaongelea 1898 kama hadithi. Sisi miaka ya 2000 mwanzoni tumelala dunguni kulinda mahindi nguruwe pori wasimalize, na simba anamfuata nguruwe, akimkosa nguruwe anakukuta wewe. Watafiti walikuja wakaandika hivyo hivyo, kwamba mashambulizi mengi ni wakati wa mavuno na penye nguruwe wengi. Jirani yetu alichukuliwa anatoka nje kujisaidia, hatua kumi toka mlangoni. Rufiji nako kulikuwa na yule waliyembatiza Osama, alipouawa 2004 akakutwa na jipu chini ya gego, kwa hiyo Dokta na jino lake yupo sahihi kwa huyo, ila umri wake haukufika hata miaka minne, alikuwa kijana.

Ukiuliza wazee wa kijijini hakuna anayekutajia jino wala nguruwe. Watakuambia simba yule katumwa.

#16 Mwana wa Voi
Hata Tsavo walisema hivyo. Kwamba sio simba ni mizimu inayokataa reli isipite.

#17 Mama Kobe
Pole Mpiga Dungu. Hiyo ya hatua kumi imenitoa usingizi.

#18 Nanasi Tamu
Samahani kuingilia, mimi nakwenda Chicago Oktoba kumshangilia kaka yangu kwenye marathoni, siku tatu tu na bajeti ya kubana. Nianzie wapi? Simba nimeelewa, kingine?

#19 Dereva773
@Nanasi Tamu ndiyo kwanza uzi umerudi mjini. Sikiliza.

Kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare usichukue teksi, shuka chini uchukue treni ya Blue Line, inatembea saa 24, ukipandia uwanjani nauli ni kubwa kuliko vituo vingine lakini bado ni ndogo mara nyingi kuliko teksi. Shukia katikati, eneo linaitwa Loop kwa sababu reli ya juu imezunguka kama kitanzi, ipo toka 1897, ile chuma inapiga kelele mpaka unasikia kwenye meno. Usiichukie. Panda treni ya Brown Line uizunguke yote kwa nauli moja, unapita katikati ya maghorofa unawaona watu ofisini wanakula chakula cha mchana. Huo ni utalii wa bei ya daladala.

Vya bure: Millennium Park, Lincoln Park Zoo (kiingilio bure, tena ni ya zamani, 1868), na Chicago Cultural Center, ilikuwa maktaba ya mji, ingia tu uangalie kuba la vioo vya rangi, watalii wengi wanalipita wakikimbilia Harage lililoko ng'ambo ya barabara. Jioni tembea mpaka Adler Planetarium, jumba la mambo ya nyota, imejitokeza ziwani, geuka nyuma. Mji wote umesimama mbele yako na huna haja ya kumlipa mtu kupanda ghorofa ya 103 ukashike ukuta kama mjusi.

#20 Ngosha wa Igoma
Nimekusikia Dereva. Nimekusikia.

#21 Mbio za Sakafuni
@Nanasi Tamu hiyo marathoni inaanzia na kuishia Grant Park na njia yake ni tambarare ndio maana rekodi zinavunjwa pale. Brigid Kosgei 2019 alikimbia 2:14:04. Marehemu Kelvin Kiptum Oktoba 2023 alimaliza 2:00:35, nilikuwa naangalia kwenye simu nimesimama kituo cha basi Eldoret, watu tusiojuana tukakumbatiana. Miezi minne baadaye ajali ikamchukua. Ukifika pale mwishoni mkumbuke.

#22 Nanasi Tamu
Nitamkumbuka. Asante wote. Oktoba kuna baridi? Nasikia ni mji wa upepo.

#23 Kijakazi wa Data
Hapo kwenye upepo kuna ubishi. Nilisoma mahali kwamba jina sio la upepo wa hewa, ni la wanasiasa wao, domo kaya, wanapuliza maneno tu. Kwamba mhariri mmoja wa New York, Charles Dana, ndiye aliwapa hilo jina walipokuwa wanagombania maonyesho ya dunia ya 1893.

#24 Dereva773
Hiyo ya Dana kila mwongoza watalii anaisimulia na ina shida. Jina lilikuwepo kabla. Mwaka 1876 gazeti la Cincinnati lilishatumia kichwa cha habari cha "mji ule wa upepo", na habari yenyewe ilikuwa kimbunga. Cincinnati na Chicago walikuwa wanachukiana kibiashara, nani anauza nguruwe wengi, kama Simba na Yanga tu. Kwa hiyo inaweza kuwa upepo kweli, inaweza kuwa kejeli, inaweza kuwa vyote.

Mimi ninayesubiri basi Januari nakuambia ni upepo.

#25 Mzee wa Kaptula
Dereva unajibu wote kwa mpigo. Upepo wa ziwa ndio uliochoma mji wote 1871, sio? Na yule ng'ombe.

#26 Fundi Bomba
Ng'ombe gani tena? Tumetoka kwenye simba.

#27 Mzee wa Kaptula
Moto mkubwa wa Chicago. Oktoba 1871, siku mbili mji ukateketea, watu kama 300 wakafa na laki moja wakabaki bila nyumba. Ikasemwa mama mmoja mhamiaji toka Ireland, Bi O'Leary, alikuwa anakamua usiku, ng'ombe akapiga teke taa, zizi likashika. Mpaka leo ukienda mtaa wa DeKoven palipokuwa na zizi kuna chuo cha zimamoto, nimepaona kwa macho yangu, nilicheka peke yangu barabarani.

#28 Dereva773
Na huyo ng'ombe alisingiziwa. Mwandishi wa gazeti alikiri 1893 kwamba walitunga. Baraza la mji likamsafisha mama rasmi 1997, kashakufa zaidi ya miaka mia. Wengine wanamtaja jirani mwenye mguu wa mti aliyedai kauona moto kwanza, wengine vijana waliokuwa wanacheza kamari zizini. Wengine wanasema kimondo, kwa sababu usiku ule ule Peshtigo kule Wisconsin iliungua na ikaua wengi kuliko Chicago. Wenye akili timamu wanasema ukame wa miezi na mji wa mbao na upepo wa kusini magharibi, yaani sio wa ziwa Mzee wa Kaptula.

Kichekesho nyumba ya O'Leary mwenyewe haikuungua. Na ule mnara wa maji wa mawe Michigan Avenue, wa 1869, ulibaki umesimama, @Nanasi Tamu upite uuone, unaonekana kama kasri la kuchezea watoto katikati ya maduka ya bei mbaya.

#29 Mpiga Dungu
Kwa hiyo huko ng'ombe kasingiziwa moto na huku simba kasingiziwa mizimu. Wanyama hawana wakili.

#30 Dokta Mifugo
Hahaha. Ila simba hakusingiziwa bwana, manyoya ya watu yalikutwa kwenye meno. Kuna utafiti wa 2024, walichokonoa chonge za hao hao simba wa Field Museum wakatoa vinyweleo vilivyonasa, wakasoma vinasaba: mtu, twiga, pundamilia, kuro, choroa, na NYUMBU. Nyumbu ndiye aliyewashangaza, maana hakuwa wa kukaa pale darajani, simba labda walikuwa wanatembea mbali kuliko tulivyodhani.

#31 Mwana wa Voi
Sasa Dokta hapo umejivunja mwenyewe. Kama alikula twiga na pundamilia na hilo jino bovu, na sotoka imemaliza chakula, hao twiga kawatoa wapi? Chakula kilikuwepo. Alipenda mtu. Mazoea ya kivukoni.

#32 Dokta Mifugo
Sotoka haiui pundamilia mkuu, inaua wenye kwato mbili za kucheua. Twiga hapo nakupa, anaweza kuugua. Na unywele mmoja haukuambii alikula lini, labda kabla jino halijaingia usaha. Hujanivunja, umenikwaruza.

#33 Fundi Bomba
Mimi nimeganda hapo mwanzo, Ngosha umesema boti ya mtoni. Nimeambiwa ule mto unatiririka KINYUME. Kama fundi nataka maelezo, maji hayapandi mlima.

#34 Ngosha wa Igoma
Hiyo ndiyo sehemu niliyoielewa vizuri fundi, yule dada wa kwenye boti alieleza kama anakufundisha upishi. Mji ulikuwa unamwaga uchafu wote mtoni, mto unamwaga ziwani, na maji ya kunywa wanachota ziwa hilo hilo. Magonjwa ya tumbo yakawamaliza. Wakachimba mfereji kama kilomita 45 kwenda upande wa pili, wakaushusha chini kuliko mto, kwa hiyo maji badala ya kuingia ziwani yakaanza kutoka ziwani kufuata mteremko mpya mpaka kuelekea Mississippi. Januari 1900 wakafungua haraka haraka kabla watu wa Missouri huko chini hawajapata amri ya mahakama ya kuwazuia. Yaani uchafu walimpelekea jirani.

Missouri wakaenda mpaka mahakama kuu ya nchi, wakashindwa 1906.

#35 Fundi Bomba
Hao ndio mafundi. Mimi mteja wangu Sinza kamwelekezea jirani bomba la maji machafu, mpaka leo wapo kwa mjumbe, na hakuchimba hata kilomita moja.

#36 Dereva773
Fundi subiri, kabla ya hapo miaka ya 1850 mji ulikuwa tope tupu, mabomba ya maji machafu hayakuwa na mteremko. Wakayalaza mabomba JUU ya barabara, wakafukia, halafu wakanyanyua majengo kwa jeki yafikie barabara mpya. Hoteli ya matofali ilipandishwa wageni wakiwa ndani wanakunywa chai.

#37 Fundi Bomba
Naomba namba ya ubalozi.

#38 Mama Kobe
Sawa na chakula je? Ngosha umekula nini huko, msituambie mabomba tu.

#39 Ngosha wa Igoma
Nilipelekwa kula ile piza yao ya bakuli. Ni mkate wa kina kirefu kama sufuria ya ubwabwa, jibini linakaa chini na mchuzi wa nyanya unamwagwa JUU, unasubiri dakika arobaini na tano inaiva. Kipande kimoja nikashiba mpaka kesho yake saa nne. Wanasema ilianza 1943 pale Pizzeria Uno.

#40 Dereva773
Ilianza hapo, ila aliyeibuni hasa ni nani ndio ugomvi, wenye mgahawa walikuwa wawili na jikoni kulikuwa na wapishi, kila familia inajipa sifa. Na siri ya mji: wenyeji Ijumaa jioni wanakula nyembamba, kavu, iliyokatwa vipande vya mraba. Ile ya bakuli tunapelekea wageni.

#41 Ngosha wa Igoma
Kwa hiyo nimeingizwa mjini. Haya. Na mimi nina langu basi, nimesimama kwenye Ziwa Michigan kila mtu anasema kubwa kubwa, nikawaambia Victoria ni karibu kilomita za mraba 69,000, hili lenu 58,000. Mtoto wa Igoma hatishwi na ziwa.

#42 Mzee wa Kaptula
Kwa kina lakini unapigwa. Michigan inashuka mita 281, Victoria yenu 80 na ushee tu. Sufuria pana, mboga kidogo.

#43 Kigoma Mwisho wa Reli
Mkimaliza kupimana hayo madimbwi yenu mtuambie. Tanganyika mita 1,470.

#44 BintiMvita
Haha mbavu zangu. Turudi kwenye simba, kuna jambo hakuna aliyegusa. Kwa nini wako kule? Kuna watu Kenya walishasema warudishwe. Daraja liko Tsavo, waliokufa wamelala Tsavo, ngozi iko Illinois, na mtalii akitaka kuwaona anakata tiketi Chicago.

#45 Mwana wa Voi
Warudi. Hata zulia ni letu.

#46 Mzee wa Kaptula
Warudi waje wakae wapi? Mimi naogopa nitasikia wameliwa na mchwa. Kule wamekaa toka 1924, wamepimwa kemikali, wamepimwa vinyweleo, majibu yote tunayobishania hapa yametoka kwenye hizo ngozi. Na waliuzwa, hawakuibwa.

#47 BintiMvita
Waliuzwa na nani? Patterson alikuwa mwajiriwa wa reli. Simba wa nchi ya watu, watu wa nchi hawakuulizwa, wafu wao hawakuhesabiwa hata kwa namba. Hiyo ya mchwa ndiyo kisingizio cha kila makumbusho ya Ulaya na Amerika. Makumbusho ya Nairobi yana mifupa ya binadamu wa kale kuliko wote unaowajua na mchwa haujala.

#48 Mzee wa Kaptula
Hapo kwenye mifupa umenibana dada. Lakini sijakubali yote.

#49 Nanasi Tamu
Mimi swali la kijinga, kule Art Institute, makumbusho ya sanaa, niliona kwenye picha kuna simba wawili mlangoni. Ndio hao?

#50 Dereva773
Hapana, hao ni wa shaba, wanalinda mlango toka 1894. Wana manyoya ya shingo yote, wamenona, hawajala mtu. Timu ya mji ikifika fainali wanavalishwa kofia. Usije ukawapeleka watu Tsavo ukiwa Michigan Avenue.

Halafu kwa kuwa tunaongelea nani mwenyeji wa nini, mtu wa kwanza asiye mzawa kujenga makazi ya kudumu hapa alikuwa mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, miaka ya 1780, alikuwa mfanyabiashara. Muda mrefu hawakumtaja sana. Sasa daraja la Michigan Avenue lina jina lake na 2021 ile barabara ya kando ya ziwa nayo wakaipa. Jina Chicago lenyewe ni la wenyeji wa asili, la mmea wa porini, wengine wanasema kitunguu, wengine kitunguu saumu, usiniulize nimechoka na ubishi.

#51 Kijakazi wa Data
Ubishi wa kitunguu ndio ulikuwa umebaki 😂

#52 Mpiga Dungu
Dereva naomba kitu kimoja. Umeishi hapo miaka kumi na moja, hao simba umeshawahi kwenda kuwaona wewe mwenyewe?

#53 Dereva773
...
Umenikamata. Nimeshusha abiria pale mlangoni mara mia. Ndani niliingia mara moja na watoto, tuliishia kwa Sue wakaanza kulia njaa. Alhamisi niko mapumziko, nitaenda.

#54 BintiMvita
Ukienda shuka na ghorofa ya chini kuna wa tatu, wa Mfuwe, Zambia, aliuawa 1991 kashakula watu sita. Naye hana manyoya. Na yeye alikuwa mkubwa kuliko hawa, ila hakuna reli iliyosimama kwa ajili yake, basi watu wanampita wakitafuta choo.

#55 Dokta Mifugo
Mwangalie meno.

#56 Mwana wa Voi
Meno tena! 😂

#57 Ngosha wa Igoma
Mimi ndege yangu ni usiku wa leo wakuu. Nina masaa matano na mzigo nimeshaacha mapokezi. Nilikuwa niende Navy Pier kwenye gurudumu, ila nadhani narudi kule kule.

#58 Dereva773
Alhamisi saa tano asubuhi. Nipo mbele yao. Kuna foleni ya watoto wa shule, kila mmoja anamuuliza mwalimu wangapi waliliwa, na mwalimu kasema 135. Chaji asilimia nne, picha inakuja.